Jina la Anayevuka

Honi ya lori ililia mara moja, na mwanamke aliyenitangulia kwenye dirisha la vibali, Tunduma, akashtuka. Mama yake mzazi alikuwa mahututi ng'ambo ya mpaka, na lori la kumpeleka lilikuwa linaondoka.

"Kibali huandikwa kwa jina la mkuu wa kaya unayoishi," karani akasema. "Baba mkwe wako anaitwa nani?"

Mwanamke akaziba mdomo kwa kanga. Huku kwetu mke hamtaji baba mkwe wake kwa jina.

"Taja, mama, jina haliumi!" wanaume nyuma wakacheka.

Mimi sikucheka. Juma lililopita niliandika humu humu gazetini kwamba "mke wa mwalimu" ameshinda tuzo kwa kahawa yake, wala sikuuliza anaitwa nani.

Honi ikalia tena. Akashusha kanga.

"Baba mkwe havuki, bwana karani. Navuka mimi. Andika jina nililoliacha kwetu siku niliyoolewa: Namonje."