Fonction ya Kwanza katika Faharasa ya Alimasi

Mwaka 1974, katika kampuni yetu ya shaba mjini Lubumbashi, chumba cha ordinateur, yaani kompyuta, ndicho pekee kilichokuwa na hewa ya baridi. Baridi ilikuwa ya mashine. Sisi tuliiiba tu. Mimi nilikuwa natoboa kadi za kuilisha mashine, na jirani yangu mezani alikuwa Alimasi, mtoto wa fundi cherehani wa Maniema, mtu mnyoofu hadi anachosha.

Wazungu walituachia kabati lenye vijiprogramu mia mbili na kitu. Tuliviita fonction: kimoja kinahesabu saa za ziada, kingine kinageuza kilo kuwa tani. Vilirundikwa ovyo, na aliyehitaji kimoja alimwuliza Alimasi. Basi mkuu wetu, Kapya, akamwagiza aandike faharasa: kila fonction chini ya kichwa chake, inafanya nini, na nani aliitunga. Ikimpendeza mkurugenzi, nyumba ya kampuni iliyokuwa wazi mtaa wa Makomeno ingekuwa yake. Alimasi, mkewe Rabia na watoto watano walikuwa wamepanga vyumba viwili, na mvua ikinyesha walihamisha kitanda. Aliitaka nyumba ile hadi akakonda.

Ilimchukua miezi mitatu. Mishahara, Madini, Ghala, Tarehe: kila kitu kikakaa mahali pake. Siku hizo kila mtu aliitwa citoyen, yaani raia, na Parti, chama pekee cha nchi, ilitangulia kila kitu. Kapya akafungua ukurasa wa kwanza, akakunja uso.

« Citoyen Alimasi, Parti iko wapi humu? »

« Chef, hakuna fonction ya Parti. »

« Hakuna? Unataka bantu bafikiri nini? Weka kichwa cha Parti, iko ya kwanza. Na isibakie mutupu! »

Alimasi alipekua kabati siku mbili. Mwishowe akatoa fonction aliyoitunga mwenyewe alipokuwa anajifunza, ya kujaribia mashine: unaipa namba, inakurudishia namba ileile. Basi. Akaiweka chini ya Parti, na kwa ule unyoofu wake akaeleza: “Inapokea, inarudisha, haibadilishi kitu.”

Kisha akasoma alichoandika, jasho likamtoka katika baridi ile. Watu walikuwa wanapotea kwa maneno machache kuliko hayo. Penye jina la mtunzi akaandika la Chola, mwenzetu aliyekuwa anasinzia mezani tangu asubuhi. Huo ndio uongo pekee ninaojua aliwahi kuandika. Niliuona nikanyamaza, na mpaka leo najilaumu.

Kapya alisoma akapiga meza kwa furaha. « Haibadilishi kitu! Hii ndiyo fidélité, uaminifu wenyewe! »

Faharasa ikasambazwa, na kuanzia hapo hakuna aliyethubutu kuandika programu isiyoita fonction ya Parti. Mishahara iliipitia. Hata hesabu ya sabuni za hospitali iliipitia. Mwisho wa mwaka mkurugenzi akauliza ni fonction gani inayotumika kuliko zote, akafungua faharasa, akaona jina. Nyumba ya Makomeno akapewa Chola, ambaye hakuelewa kwa nini, wala hakuuliza.

Alimasi alikwenda kwa Kapya. Nilikuwa mlangoni na kadi zangu.

« Chef, ile fonction ya Parti, ni miye niliitungaka. »

Kapya akaivuta faharasa mezani.

« Kumbe ulidanganya kwa ukurasa wa Parti? Niambie muzuri, citoyen: ile liste yako, yenye jina ya Chola, iko ya kweli, ao iko ya uongo? »

« Iko ya kweli, chef, » Alimasi akasema.