Maji Chini ya Nyumba ya Yustina

Julieth Masele si mtu wa kujivuna, ila siku hiyo alifika kijiji cha Ziba na furaha tele. Kazi yake ni kuandika programu za kompyuta, Tabora mjini, katika chumba cha uani kwa mama yake. Mradi wa maji wa kijiji hicho, uliompa kazi, ulikuwa na daftari lake ndani ya kompyuta: hesabu, maelezo na picha ya ardhi, vyote ukurasa mmoja, na picha yenyewe unaigeuza kwa kidole ukaona maji yako wapi. Shida ilikuwa ile sehemu inayochora. Ukiigusa tu, kompyuta inaganda. Julieth akaandika sehemu mpya ya kuchora, akaichomeka mahali pa ile ya zamani, na picha ikawa inazunguka kama pia.

Hiyo ndiyo picha iliyotumwa kijijini. Ilionyesha maji chini ya nyumba ya mjane Yustina.

Julieth alipokata kona ya kanisa, alisimama. Nyumba ya Yustina haikuwa na paa. Mabati yamelazwa majanini, ukuta mmoja uko chini, na bibi amekaa nje juu ya godoro lake, akichambua maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Leo sina hata mlango wa kupigia hodi."

"Nani amesema mbomoe?" aliuliza Julieth.

"Si ni picha yako," alisema Damas, mwenyekiti wa kijiji, aliyesimama kando. "Mtambo wa kuchimba unakuja kesho. Tulimwomba bibi ajitolee kwa ajili ya wote. Alilia kidogo, akakubali."

"Gerson wangu nilimzalia humo," alisema Yustina. "Lakini watoto wanywe tope, na mimi nalalia maji? Mungu nitamjibu nini?"

Julieth aliketi karibu naye, akafungua kompyuta ili angalau bibi aone maji aliyoyabomolea nyumba. Watu wakasogea. Picha ikazunguka, wazee wakacheka.

"Sasa muone tulikotoka," akasema, akairudisha ile sehemu ya zamani, waone ilivyokuwa ikijikokota.

Ikachora polepole. Nyumba zikatokea palepale. Kisha rangi ya buluu ikaanza kujaa, upande wa pili wa barabara.

Julieth alisogeza uso karibu na kioo. Ile ya zamani ilihesabu mistari ya picha kutoka chini kwenda juu. Yake ilihesabu kutoka juu kwenda chini. Nyumba alizigeuza zikakaa sawa, maji akayasahau. Hata kisima cha shule, chenye tope lakini kisichokauka miaka yote, yeye alikichora pakavu, na hakuona.

Akapiga magoti. "Bibi, maji hayako kwako. Nimeyapindua mimi."

Yustina aliacha maharage. Aliutazama ukuta wake ulioanguka, akautazama tena.

"Kwa hiyo yako kwa nani?"

Julieth akagusa ile buluu. "Chini ya zizi la mwenyekiti."

"Haiwezekani," alisema Damas. "Ng'ombe wangu niwapeleke wapi?"

"Jitolee, mwenyekiti," mtu akasema nyuma. "Kwa ajili ya wote."

Damas akatafuta pa kukaa, akajikuta juu ya mabati ya bibi.

Yustina alimshika Julieth kiwiko, akamwinua. "Basi, mwanangu. Tutasali kwanza, halafu bati la kwanza unalipandisha wewe, kwa mkono wako."

"Na ukuta, bibi?"

"Ukuta ataukandika mwenyekiti. Samadi ya kukandikia si anayo."