Siku Kyengo Alipoenda Kwao na Gari

Kyengo anaosha magari Mwiki, huko Ruiru, kwenye kiwanja chenye tope nyuma ya kanisa la mabati. Amekalia viti vingi vya magari kuliko mbunge, ila kwa muda mfupi mfupi, akiyatoa kwenye tope na kuyaegesha juani yakauke. Huo ndio udereva wake wote. Kabla ya hapo aliishi Kiandutu akibeba magunia sokoni Thika. Huko kwao, ng'ambo ya Kilimambogo, ukiuliza, utaambiwa Kyengo yuko kwa biashara.

Agosti hii shule zilipofungwa, baba yake, mzee Mwau, aliita wanawe wawili nyumbani: anagawa shamba. Lina sehemu mbili. Ya juu ni mawe matupu, hata mbuzi hupita haraka. Ya chini iko kando ya mto, na chochote ukiangusha pale kinaota. Mutheu, mke wa Kyengo, aliitaka ya chini kuliko alivyowahi kutaka mume. Amechoka kupikia mlangoni, moshi ukiingia kwa jirani na matusi yakirudi.

"Baba atakupatia," alimwambia. "Wewe ndiye kifungua mimba. Nenda tu umwambie tunavyoishi."

Lakini Kyengo ana akili nyingi, ndiyo shida yake. Aliamini shamba zuri halipewi mtu anayeshuka kwa bodaboda na watoto wamejaa vumbi kwa kope. Akamwendea mteja wake Njau, mwenye Premio nyeupe, akaazima gari siku moja. Malipo: kumwoshea bure mpaka Krismasi.

Basi wakatoka Ruiru asubuhi, na darasa likaanza.

"Hii gari ni ya nani?" Kyengo akauliza.

"Ya baba!" akajibu Beth, wa darasa la pili.

"Ya Uncle Njau," akasema Mwau mdogo, nduguye, ambaye bado hajafunzwa uongo shuleni.

"Ukisema Njau huko, hupati soda."

"Ya baba," akaokoka mtoto.

Walipita Thika wakikariri. Makongeni walipoiacha nyuma, Beth akatapikia kiti kizima. Mutheu akatazama nje dirishani.

"Shuka uoshe, baba Beth. Si ni kazi yako?"

Walipofika, mzee Mwau aliizunguka Premio mara mbili, akagonga gurudumu kwa fimbo, akakohoa kwa furaha. Mama ya Kyengo alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Kaveke, mdogo wake Kyengo, alikuja na gambuti zilizopasuka miguuni, akacheka meno yote.

"Niaje, bosi! Kumbe sisi tunalima wewe ukivuna!"

"Tunajaribu tu," Kyengo akasema, akizungusha ufunguo kidoleni.

Mbuzi akachinjwa. Pale kwao, mzee akishagawa na watu wakala nyama pamoja, hakuna kurudi nyuma. Ukitaka kulia, lia kabla ya kutafuna. Nyama ilipokuwa jikoni, mzee alimpakata Mwau mdogo, mwenye jina lake, akaanza.

"Nilikuwa nimekata shauri shamba la chini liende kwa Kyengo. Kuna mtu wa Mwiki alipita hapa, akaniambia mtoto wangu anaosha magari ya watu, wanalala chumba kimoja. Sikulala. Nikasema, wacha huyu arudi nyumbani alime, watoto wapumue."

Mutheu akaacha kupumua yeye.

"Leo nimeona kwa macho yangu kwamba watu ni waongo. Mwenye gari ameshakula. Kaveke hana kitu, achukue chini. Kyengo achukue juu ajenge nyumba ya mawe. Mawe yenyewe hatanunua."

Watu wakacheka sana. Mzee Simeon, jirani aliyeitwa kuwa shahidi, akauliza kama desturi inavyotaka, "Kuna mwenye neno?"

"Sema," Mutheu akanong'ona. "Sema gari si yako. Ni hayo tu."

Maneno matatu! Mtoto wa nasari angeyamudu. Kyengo alimtazama Kaveke, ambaye bado alikuwa anacheka. Akawatazama mabinamu walioegemea Premio wakijipiga picha. Akasimama, akamgeukia baba yake, akasafisha koo. Mutheu akashika mkono wa Beth kwa nguvu mpaka mtoto akalia "Aiii!"

"Tata, umegawa vizuri. Mimi huko nimetosheka."

Nyama ikaletwa. Kyengo alipewa paja, kama mtu mkubwa. Mutheu alikataa hata supu.

"Na jambo lingine," mzee akasema akipangusa mafuta mdomoni. "Kwa vile sasa kuna gari kwa hii boma, mama yenu hatapanda bodaboda tena kwenda kliniki Thika. Inamvunja mgongo. Kyengo atakuwa akimpeleka kila mwezi."

"Sawa, tata."

"Jumanne hii iko kliniki moja," akasema mzee.

"Sawa."

Jioni wakiondoka, Mutheu alikaa kiti cha nyuma, kwenye harufu ya matapishi, akiwa amewafunika watoto kwa leso. Hakuaga mtu. Mama mkwe alifikiri ni usingizi, akamhurumia. Akainama dirishani kwa mwanawe, akapangusa kioo kwa kiganja chake kilichopasuka.

"Jumanne usiwasumbue hawa kuja, mwanangu," akasema. "Wewe njoo tu na gari."