Spana za Telesphory

Telesphory ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga hapa Ifakara, na kirikuu yake, kigari kidogo cha mizigo, ilikuwa kichekesho cha mtaa mzima. Rafu za dukani hakuzimudu, basi alikata madumu ya mafuta ya kula yakawa droo, akapigilia vipande vya tyubu ubavuni vishike spana. Namba kumi na tatu ilikaa jirani na nyundo, kumi na tisa chini kabisa pamoja na bisibisi. Mtu mwenye akili timamu asingeelewa kitu. Lakini yeye aliingiza mkono bila kutazama akatoa anachotaka, huku akiendelea kupiga soga na mteja. Alipomfanya shemeji yake Evod kuwa dereva, tulimtania kwamba sasa amekuwa bosi.

Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, padre wetu hubariki vifaa vya kazi. Mimi ndiye mwenyekiti wa jumuiya, na uchafu siuvumilii. Mei Mosi hii niliwaongoza akina mama tukashusha kila kitu kwenye kirikuu ya Telesphory, tukasugua kwa mchanga na mafuta ya taa, tukarudisha kwa mpangilio wa ukubwa, ndogo juu, kubwa chini.

"Mama Levina, acheni tu, panatosha hivyo hivyo," Telesphory alituomba.

"Tulia, kaka. Leo utafurahi mwenyewe," nilimjibu. Nilidhani anaona haya kuhudumiwa.

Padre alinyunyiza maji ya baraka. Hatujatawanyika, Kasmiri akapiga simu kutoka Kiberege: mashine yake imesimama na watu wamejaa na magunia. Mpunga wangu ulikuwa huko huko, nikapanda gari na Telesphory na Evod.

Telesphory alipapasa nati kwa kidole, akasema, "Kumi na tatu," akaingiza mkono garini. Ikatoka kumi na saba. Akairudisha, ikatoka kumi na mbili. Watu walicheka, na mimi nilicheka. Mara ya tano aliileta spana usoni mpaka ikamgusa pua, akaigeuzageuza asome namba, jasho likimtiririka. Hapo hakucheka mtu.

"Fundi, kwani huoni?" Kasmiri aliuliza.

Aliyejibu ni Evod, kwa sauti ya chini. Ni presha ya macho, mwaka wa pili sasa, na hospitali walishasema kilichopotea hakirudi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kasmiri ni mtu mpole, hakumfokea. Alisogea kando akampigia fundi mwingine.

Njiani kurudi nilimwambia Telesphory, "Nisamehe, kaka. Nielekeze tu, kesho navirudisha vyote kama vilivyokuwa."

"Vikisharudi, mama, nani ataniita?"

Nilivirudisha hata hivyo, kimoja kimoja, yeye akinishika mkono kunionyesha pa kuweka. Mavuno yamekwisha, mpunga wa bonde zima umekobolewa, na simu yake haijaita hata mara moja.