Mgeni wa Miezi Mitano

Niliondoka Kimamba nikiwa na miaka tisa, kwa sababu mama aliolewa. Mume wake mpya alikubali kitanda chetu, masufuria na mbuzi wawili, ila hakunikubali mimi. Baba yangu alikuwa Mgiriki, fundi wa mitambo ya mkonge. Mashamba yalipotaifishwa alirudi kwao, akaniachia jina la Kosta na nywele za kulala. Mama alikuwa Mfipa. Alimwandikia kaka yake, Mjomba Gaspari, aje anichukue anipeleke kwa bibi.

Kutoka Kilosa tulipanda treni, daraja la tatu. Kabla ya Dodoma bwana mmoja mwenye suti ya kaunda alimtazama mjomba, akanitazama mimi, akauliza huyu mtoto ni wa nani. Mjomba akajibu ni wa dada yake.

"Dada yako mweupe?"

Behewa zima lilicheka. Tabora tulibadili treni. Kuanzia hapo kila aliyeuliza aliambiwa kwamba nina ugonjwa wa ngozi na napelekwa kwa mganga. Watu walisogea, tukapata benchi zima la kulala hadi Mpanda.

Mpanda tulingoja lori siku mbili. Lilipopatikana tulikaa juu ya magunia ya chumvi, na kadiri tulivyopanda ndivyo miti ilivyopungua, hata zikabaki nyasi tupu na upepo. Sikuwa nimewahi kusikia baridi mchana. Mjomba alinifunika koti lake na kuniambia kwamba Ufipa jua huwaka lakini halikupashi moto.

Bibi Yustina alikaa kijiji kimoja kupita mtaa wa Izia, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka Sumbawanga mjini. Alinishika masikio yote mawili, akayageuzageuza, akasema ni ya marehemu babu yangu. Kisha akanipa uji wa ulezi. Kuhusu rangi yangu hakusema kitu.

Wengine walisema, tena kwa wema. Huo ndio uliokuwa mzigo wangu. Kimamba niliitwa chotara na kurushiwa mawe. Hapa nilipewa kiti. Kanisani katekista aliniondoa mkekani penye watoto wenzangu akaniketisha benchi la mbele. Kwa majirani nililetewa firigisi ya kuku, nyama ya baba mwenye nyumba, huku watoto wa nyumba ile wakinitazama nikitafuna. Shuleni wenzangu walipotumwa maji mtoni, mwalimu aliniambia nipumzike. Saa za kucheza hakuna aliyenigusa. Walikuwa wameonywa kwamba ngozi yangu hupasuka.

Mwezi Machi, nyasi zikiwa ndefu, ulifika wakati wa kulima ntumba. Hayo ni matuta ya mviringo ya Wafipa: unakata udongo pamoja na majani yake, unaugeuza, majani yanafukiwa ndani yaoze yawe mbolea. Katika shamba la kijiji kila mtu alikuwa na mstari wake, hata watoto wa shule, na majina yalisomwa mkutanoni na mwenyekiti, Mzee Damiani. Nilikaa nikisubiri langu. Alisoma mpaka mwisho wa daftari, akalifunga.

Bibi alisimama. Alipiga makofi mawili ya taratibu, kama wanawake wa Kifipa wafanyavyo wakitaka kusema mbele ya wakubwa.

"Mwenyekiti, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Si ndivyo mnavyotuambia kila mkutano?"

Watu wakaitikia kwamba ndivyo.

"Wangu huyu ana miezi mitano. Mnampa viti, mnamlisha firigisi. Ugeni wake utaisha lini?"

Mzee Damiani alikuna kidevu. "Yustina, mtoto huyo ni laini. Jua likimchubua, baba yake tutamjibu nini?"

"Baba yake umemwona wapi? Wa kujibiwa niko hapa, nimesimama."

Kicheko kilianzia kwa wanawake kikaenda hadi kwa wanaume. Mzee Damiani alifungua tena daftari, akalamba penseli, akaandika.

Kesho yake alfajiri nilipewa jembe la mpini mfupi. Nililima kwa nguvu zote bila kumuuliza mtu, na tuta langu la kwanza likasimama limechongoka, majani yote yakiwa nje. Jirani yetu Mama Anyesi, mmoja wa wale wa firigisi, alikuja akalizunguka, mikono kiunoni.

"We Kosta, hii ni ntumba au kaburi la paka? Fumua uanze upya."

Shamba zima liligeuka kutazama. Mwanawe Anyesi alicheka hadi akakaa chini, kisha akaja kunionyesha, akinishika mikono bila woga wowote. Jioni viganja vilikuwa na malengelenge na shingo ilikuwa nyekundu. Bibi alinipaka mafuta ya nyonyo. Nililala nikiwa na raha ambayo sijaweza kumweleza mtu. Firigisi sikuletewa tena.

Niliishi hapo miaka mitano. Nilipomaliza darasa la saba nilichaguliwa kwenda sekondari Tabora, na siku hizo hukusafiri bila barua ya mwenyekiti. Asubuhi ya kuondoka, bibi alinishika tena masikio, Mzee Damiani akanipa bahasha. Hatukujua kwamba naondoka moja kwa moja. Bibi alifariki nikiwa kidato cha pili, nami nikaanza kuzunguka, Kigoma, Mwanza, Tanga, hadi leo.

Siku ile ya kuondoka, juu ya lori, niliifungua bahasha, ingawa haikuwa yangu kuisoma. Niliogopa kuona ameniita nani. Aliandika kwa penseli: "Mleta barua ni Kosta, mtoto wa kijiji hiki, mjukuu wa Yustina. Ana akili na ni mtiifu. Ila ni mzito kuamka asubuhi, na akikemewa hununa. Msimdekeze."

Nilinuna mpaka Namanyere. Hapo nikaisoma tena, nikaikunja vizuri. Tangu siku hiyo, kila mahali ninapohamia, nangoja kwanza heshima ipungue, atokee mtu wa kuniambia nimekosea. Hapo ndipo ninapofungua begi na kutoa nguo zangu.