Kazi ya Kumwamsha Mama

Harufu ya ukindu wa mikeka unaochemshwa na rangi ni kali, kama majani mabichi yaliyochanganyika na dawa, na mwaka niliokuwa darasa la nne ilijaa nyumba yetu ya Mpendae mpaka kwenye nguo zangu za skuli. Mama hakuwa msukaji. Alianza kusuka ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa kuwa mkeka, miezi michache baada ya kujifungua mtoto ambaye hakulia. Majirani walikuja, wakamwambia Mungu atampa mwengine, wakarudi makwao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama alibaki akiutazama ukuta, nywele hazijachanwa, chai ikimpolea mkononi. Baba alikuwa akifanya kazi ya ujenzi Matemwe, akirudi Alkhamisi jioni, na mbele yake Mama alijikaza, hata akacheka.

Hapana aliyekuwa na jina la kuliita lile lililompata. Wengine walisema uvivu, wengine wakanong'ona habari za shetani. Mama mwenyewe, bila ya kuagizwa na mtu, akajitungia dawa zake. Kila baada ya sala ya alasiri alinishika mkono tukaifuata njia ya Chukwani mpaka miguu ikatuuma. Alijilazimisha kula, angalau matonge matatu. Alisuka ukili, akaufumua, akausuka tena, kwani alisema vidole vikiwa na kazi moyo nao hunyamaza kidogo. Na kubwa kuliko yote, alijikataza kulala mchana, maana usingizi ule ukimchukua ulikuwa haumrudishi.

"Ukirudi skuli ukinikuta nnalala, niamshe," aliniambia. "Hata nikikukaripia. Usinionee huruma. Na Baba yako usimwambie."

Nikawa namwamsha. Alinikaripia kweli, na siku nyengine alinitazama kama hanijui, lakini aliinuka. Mpaka siku moja nikamkuta amelala, uso umelegea, umekuwa ule uso wa zamani nilioukosa kwa muda mrefu. Sikuweza. Niliurudisha mlango taratibu nikaenda kuruka kamba na wenzangu. Jioni ile hakuinuka. Wala kesho yake, wala kesho kutwa. Hakula, sala zikampita, na nilipomtikisa bega aligeukia ukutani. Nilikaa kizingitini nikiamini kwamba nimemuua mama yangu kwa huruma. Siku ya tatu nikakimbilia kwa jirani yetu Bi Rukia, aliyemfundisha kusuka, nikamweleza yote, hata yale niliyokatazwa kuyasema. Bi Rukia aliinuka papo hapo. Alichukua ndoo ya maji, akaingia chumbani, akamkalisha Mama na kuanza kumwosha nywele. Hapo ndipo nilipomsikia Mama akilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu msiba. Baadaye akaniita.

"Hukukosa," alisema. "Mimi ndiye niliyekutwika mzigo wa mtu mzima."

Tangu siku ile Bi Rukia alikuja kila adhuhuri, na Baba akaambiwa. Mama alipata nafuu polepole, kwa kurudi nyuma mara nyingi, na kuna Ramadhani nzima ambayo sikumbuki kuisikia sauti yake.

Siku hizi jina lipo. Redioni wanaitaja sonona kama wanavyoitaja malaria. Lakini aibu haijahama mtaani, na wahenga hawakukosea waliposema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwaka jana uzito ule ulinishika mimi. Nikaanza kutembea peke yangu, nikasugua masufuria yaliyokwisha takata, nikimwambia kila aniulizaye kwamba ni uchovu tu. Mama, ambaye sasa anatembelea mkongojo, alinitazama kwa siku kadhaa.

"Mimi nilihangaika peke yangu kwa sababu sikujua pa kwenda," aliniambia hatimaye. "Wewe unapajua. Unaogopa watu."

Akavaa buibui lake tukenda hospitali. Tulikaa kwenye benchi, na kando yetu walikuwapo watu ninaowafahamu. Muuguzi alipoliita jina langu, niliwatazama wale watu kwanza. Mama akaitikia kwa niaba yangu, "Naam," akanishika mkono, tukasimama.