Waliovuna Tumbaku

Mwanangu anasoma kwa sauti habari za makoloni ya zamani ya Marekani: kaskazini waliishi kwa meli na biashara, kusini kwa tumbaku. Jaketi langu pale mlangoni linanuka sigara za mzee ninayemwogesha kazini, hapa Coon Rapids, Marekani.

Nilipokuwa mtoto kijijini kwetu, harufu hiyo ilijaa bani, banda letu la kukaushia tumbaku. Dada yangu mkubwa alikuwa akishona majani kwenye fito huku anatapika, mikono imenata utomvu wenye sumu wa majani mabichi, baba mkubwa akimsimamia.

"Baba mkubwa, naumwa."

"Unaumwa uvivu. Maliza."

Akamaliza. Kesho yake hakuamka. Wakasema karogwa. Uongo! Baba mkubwa ndiye aliyemuua.

"Mama, swali la mwisho: nani walivuna tumbaku?"

"Andika mama yako mkubwa."

Kalamu ikasimama.

"Kwani nina mama mkubwa?"